Mwalimu wa mbwa asiyepiga: sifa zake utazijuaje kabla hujatoa hela?

Mkazi_wa_Goba

Wakuu, habari za jioni. Nina mbwa dume, chotara wa German Shepherd, ana miezi saba, chanjo zote anazo. Anamrukia kila anayeingia getini. Akitolewa nje anavuta kamba mpaka anakohoa. Sasa ameanza kunguruma dada wa kazi akisogelea bakuli lake. Hajamuuma mtu.

Nimepata walimu wawili. Wa kwanza alikuwa kitengo cha mbwa kwenye kampuni ya ulinzi. Anataka amchukue akae naye kambini mwezi mzima, laki sita, na ananihakikishia atamrudisha "akiwa na adabu". Anatumia cheni ya kunyonga, na siku mbili za kwanza mbwa hali kitu ili kiburi kiishe. Wa pili ni kijana, ana cheti alichosomea mtandaoni, anakuja nyumbani mara mbili kwa wiki, elfu thelathini kwa kipindi, na anataka familia yote iwepo pamoja na mlinzi. Yeye anatumia vipande vya nyama na kidude cha kubofya, yaani klika, ambacho mlio wake unamwambia mbwa kwamba amefanya sawa.

Sitaki mbwa apigwe, lakini sitaki pia kumlipa mtu aje kumlisha mbwa nyama. Mwenye sifa unamjuaje? Naomba majibu ya wanaoijua kazi. Nawasilisha.

---

KambaNdefu

Mkuu, kwanza ujue kwamba Tanzania ualimu wa mbwa hauna leseni. Daktari wa mifugo anasajiliwa na Baraza la Veterinari, ukitaka kumhakiki unamhakiki. Mwalimu wa mbwa hasajiliwi popote. Anayechapisha kadi leo, kesho ni mwalimu. Wala si kwetu tu. Uingereza na Marekani nako serikali haitoi leseni ya kazi hii, ndiyo maana wenye fani wakaanzisha mitihani yao wenyewe.

Vyeti unavyoweza kukutana navyo havina uzito sawa. CPDT-KA hutolewa na baraza la mitihani la Marekani liitwalo CCPDT, lililoanzishwa mwaka 2001. Mwombaji lazima aoneshe saa zisizopungua 300 za kufundisha ndani ya miaka 3 iliyopita, afanye mtihani, na cheti kinahuishwa kila baada ya miaka 3 kwa masomo ya ziada. KPA CTP ni cheti cha shule ya Marekani iitwayo Karen Pryor Academy, na huko mwanafunzi anapimwa kwa vitendo, akiwa na mnyama. IAABC ni chama cha wanaoshughulika na tabia ngumu kama uchokozi na woga. Pet Professional Guild, chama cha walimu kilichoanzishwa mwaka 2012, kinamtaka mwanachama aahidi kutotumia umeme, maumivu, kunyonga wala vitisho. Vyote hivi vina orodha ya majina mtandaoni. Andika jina la kijana wako uone kama lipo. Ni kazi ya dakika mbili.

Kama cheti chake hakimo kwenye hivyo, muulize swali moja: kuna mtu aliyekuona ukifundisha kabla hajakupa cheti, hata kwa video? Kozi ya kusoma kurasa na kujibu maswali ya kuchagua inampa mtu maneno tu. Mikono haimpi.

Kisha waulize wote wawili maswali haya, na uyaandike majibu:

Mbwa akifanya sawasawa, anapata nini? Akikosea, anafanyiwa nini hasa? Na kama hicho unachomfanyia hakikufanya kazi, hatua inayofuata ni ipi?

Swali la pili ndilo la kumpima mtu. Mwenye kuijua kazi atakujibu kwa vitendo: "Simpi kipande, napunguza ugumu, namrudisha hatua moja nyuma." Anayeficha atakwambia "namrekebisha", "namwonesha mimi ni nani", "natumia nguvu kidogo tu". Mwambie akuoneshe hiyo nguvu kidogo kwenye mkono wako. Huyo wa kwanza angalau hakuficha, amekwambia mwenyewe.

---

Doria_Usiku

Haya mambo ya biskuti ni ya mbwa wa kukaa kwenye kochi. Mbwa wa ulinzi anatakiwa ajue mkubwa ni nani. Mbwa mwitu porini wana kiongozi, na anayekaidi anang'atwa. Ukimfundisha kwa nyama, siku mwizi akirusha nyama ukutani umekwisha. Mpe mtu wa kitengo, ndugu, usicheze.

---

KambaNdefu

Doria, hoja ya nyama ya mwizi nitairudia. Kwanza hiyo ya kiongozi.

Imeanzia kwa mtafiti Rudolf Schenkel, aliyeandika mwaka 1947 kuhusu mbwa mwitu waliofungiwa pamoja kwenye zizi, wasio ndugu, wasio na pa kukimbilia. Wakagombana. Mwaka 1999 mtafiti wa mbwa mwitu David Mech, ambaye mwenyewe aliwahi kulieneza neno "alfa", aliandika kwamba kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao, na kwamba hawashindanii cheo. Kwa hiyo mbwa anayeruka getini hapiganii uenyekiti wa nyumba. Anaruka kwa sababu akiruka anasemeshwa na kushikwa. Hata kusukumwa kwake ni mchezo.

Kuhusu mbwa wa kazi: Usa River, Arusha, kuna kituo cha shirika la uhifadhi la African Wildlife Foundation kinachofundisha mbwa wa kunusa pembe za ndovu na za faru bandarini na viwanja vya ndege. Mbwa anafanya kazi hiyo akitarajia kuchezewa mpira wake. Na Morogoro, pale SUA, shirika la APOPO wanafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini kwa klika na ndizi iliyopondwa na karanga. Mafunzo yanachukua karibu miezi tisa. Panya mmoja, Magawa, aliyezaliwa hapo hapo, aligundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100 huko Kambodia na akapewa nishani ya dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, mwaka 2020. Panya huwezi kumpiga akakufanyia kazi. Ukimtisha anajificha, basi. Mbwa ni mvumilivu kuliko panya, na uvumilivu wake huo ndio unaowafanya watu wadhani kipigo kinafundisha.

Nyama ya mwizi sasa. Mbwa aliyenyimwa chakula siku mbili ndiye wa kwanza kuiokota. Mbwa aliyeshiba na kufundishwa kwa zawadi anaweza kufundishwa kuacha kitu cha chini na kumgeukia bwana wake. Ni zoezi la kawaida kabisa, na mwalimu yeyote wa zawadi asiyeliweza hajakomaa. Hata hivyo, kama unaogopa sumu, dawa ni mbwa kutofika ukutani usiku. Hakuna zoezi la kuaminika asilimia mia.

---

Dkt_Mifugo_Moro

Naomba nichangie kwa upande wangu.

Ndugu Mkazi, kabla ya mwalimu yeyote, mpeleke mbwa akapimwe masikio, meno na nyonga. German Shepherd na chotara wake wana tatizo la nyonga, na linaweza kuanza mapema. Mbwa anayeumwa ananguruma, na hakuna mafunzo yanayotibu sikio lenye usaha. Mwalimu mzuri atakuuliza mwenyewe kama mbwa amepimwa. Asipouliza, hesabu hiyo ni alama mbaya.

Cheni ya kunyonga. Anayevuta mpaka anakohoa tayari anaibana koo, sasa unamwongezea chuma. Lakini zaidi ya koo kuna jambo ambalo watu hawalioni. Mbwa hajui kwamba maumivu yanatokana na kuvuta kwake. Anajua kwamba kila akimwona mtoto wa jirani au bodaboda, shingo inauma. Baada ya muda akimwona mtoto anabweka kwa hasira, na mwenye mbwa anakaza cheni zaidi. Kola yenye meno na kola ya umeme zinaleta mzunguko huo huo.

Mwaka 2020 watafiti wa Ureno walichapisha kazi kuhusu mbwa 92 wa shule saba za mafunzo. Waliofundishwa kwa kuumizwa walionesha dalili nyingi zaidi za mfadhaiko darasani, yaani kulamba midomo, kupiga miayo, kujikunyata, na homoni ya mfadhaiko kwenye mate yao ilipanda zaidi baada ya kipindi kuliko ya wenzao. Mwaka 2021 chama cha madaktari wa tabia za wanyama cha Marekani, AVSAB, kilitoa msimamo kwamba mafunzo ya mbwa wote yatumie zawadi, hata kwa mbwa wakali. Wales ilipiga marufuku kola za umeme mwaka 2010.

Hapa kwetu Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama. Mtu akikwambia mbwa hali siku mbili, huyo hajakueleza njia ya kufundishia. Kwa mbwa wako ni vibaya zaidi, maana shida yake ni kulinda bakuli. Ukimshindisha njaa, bakuli linakuwa na thamani kubwa zaidi kuliko jana. Atalilinda zaidi, na atakayekutwa karibu ni huyo huyo dada.

Kunguruma kusiadhibiwe. Ni onyo, na ni onyo la bure. Akipigwa kwa kunguruma ataacha kunguruma, kisha siku moja atauma bila kutoa sauti, na mtasema "amebadilika ghafla".

Akimuuma mtu, hata kama mbwa amechanjwa kichaa cha mbwa: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Pilipili, mafuta ya taa, kahawa na kadhalika visiwekwe. Na nisisikie mtu anashauri kumpa mbwa pilipili au bangi ili awe mkali, najua tutafika huko.

---

Doria_Usiku

Dokta, ya bangi sikusema mimi. Lakini kambi zipo na watu wanarudishiwa mbwa wanaokaa wakiambiwa kaa.

---

Bi_Msimbazi

Wanakaa wakiambiwa kaa na huyo aliyewafundisha. Hapo ndipo laki sita zinapopotelea.

Mbwa hajifunzi "kaa" kama mtoto anavyojifunza herufi. Anajifunza kaa ya mtu huyu, kwenye uwanja huu, mkono ukiwa hivi. Akirudi Goba anakuta mlinzi anampigia mluzi, mtoto anasema "keti", baba anasema "sit", dada anasema "shuka". Baada ya wiki mbili mbwa ni yule yule. Kwa hiyo mwalimu anayetaka mlinzi na dada wawepo anaijua kazi. Mafunzo ya mbwa wa nyumbani kwa kiasi kikubwa ni mafunzo ya watu. Kaeni mchague maneno, neno moja kwa tendo moja, yaandikwe karatasini yabandikwe getini.

Kama mtu bado anataka kambi, aombe haya kwa maandishi: ruhusa ya kuja bila taarifa, video ya kila siku isiyokatwa, idadi ya mbwa waliopo na wanalala wapi, nani anafundisha hasa, na vipindi vingapi vya kukufundisha wewe baada ya kurudi. Anayekataa ziara ya ghafla asipewe mbwa, hata kama ni bure.

Sasa, kijana. Usimlipe kwanza. Omba ukamtazame akimfundisha mbwa wa mtu mwingine kwa dakika 30. Usitazame anachosema, tazama haya:

Mkono wa chakula. Kidude kinalia kwanza, ndipo mkono unaenda mfukoni. Mkono ukitangulia, mbwa anautazama mkono na mlio hauna maana yoyote. Mlio utoke wakati tendo linatendeka, ndani ya nusu sekunde hivi. Kwenye kukaa, ni pale makalio yanapogusa chini. Akibofya mbwa anaponyanyuka, amelipia kunyanyuka. Kosa hili ndilo linalofanya watu waseme "nyama haifanyi kazi".

Mwendo. Zoezi jipya linahitaji vipande 10 hadi 15 kwa dakika, vipindi vya dakika 3 hadi 5, kisha mapumziko. Mwalimu anayemkalisha mbwa nusu saa bila kumpa kitu kisha anamwita mbishi, hajui kupanga kazi.

Chambo. Kumwongoza mbwa kwa kipande puani ni sawa mwanzoni, mara tano sita. Baada ya hapo mkono uwe mtupu, ishara ile ile, na kipande kitoke mfukoni baadaye. Ukiona wiki ya tatu bado ananusishwa nyama ndipo akae, hofu yako ya kulipia ulishaji imetimia. Huyo ni mpole, sawa, lakini kazi haijui. Upole na ujuzi ni vitu viwili, na wewe unavihitaji vyote.

Mbwa mwenyewe. Mwalimu akinyoosha mkono, mbwa anasogea au anajikunja? Akisitisha, mbwa anabaki kumtazama au anakwenda kunusa ukuta? Mkia uliolegea, mdomo wazi, mwili mlaini: vizuri. Masikio nyuma, weupe wa jicho unaonekana, anatii huku anatambaa: ondoka.

---

Mkazi_wa_Goba

Asanteni sana. Nimempigia kijana, nikamuuliza yale maswali matatu. La pili alijibu "naangalia nimekosea wapi kumpangia, namrahisishia". Nilipomuuliza wiki ngapi mbwa atakuwa sawa, akasema hawezi kuahidi. Yule wa kambi anatoa garantii. Hilo linanipa wasiwasi kidogo.

Halafu, wakati nasubiri, dada afanye nini na bakuli?

---

KambaNdefu

Asiyeahidi ndiye sahihi. CCPDT kwenye kanuni zao za maadili wanamkataza mwalimu kutoa garantii ya matokeo, kwa sababu hajui mtafanya mazoezi kiasi gani, hajui afya ya mbwa, na tabia si mashine ya kufulia. Anachoweza kukupa ni mpango: wiki ya kwanza tunafanya hiki, tutapima kwa hiki, kisiposogea baada ya vipindi vinne tunabadilisha au nakupeleka kwa daktari. Muombe huo kwa maandishi. Na umuulize mbwa gani hawachukui. Asiyekataa mbwa yeyote, hata aliyeshamjeruhi mtu, muogope.

---

Dkt_Mifugo_Moro

Bakuli: kuanzia leo ale peke yake bandani, mlango umefungwa, bakuli liondolewe akiwa ameshatoka. Dada asilisogelee, watoto ndiyo kabisa. Msimchukulie chakula katikati ili "azoee". Hiyo inamfundisha kwamba anayekuja anakuja kunyang'anya.

Kijana akianza, zoezi litakuwa hivi, na afanye mtu mzima kwanza. Simama mbali, tuseme mita tatu, mahali ambapo mbwa anaendelea kula bila kukaza mwili. Mrushie kipande kizuri kuliko kilichomo bakulini, kama ini, kisha ondoka. Rudia mara kadhaa kwa mlo mmoja. Siku inayofuata sogea nusu hatua, iwapo tu ananyanyua kichwa kwa kukutazamia na mkia umelegea. Akiganda, akila harakaharaka, au akikukata jicho la pembeni, umesogea mno. Rudi nyuma kwa siku mbili tatu. Kwa kawaida watu wanaharibu hapa kwa haraka. Akishanguruma mara mbili mfululizo mkiwa kwenye zoezi, simamisheni mpaka mwalimu aone.

---

Bi_Msimbazi

Na geti: mlinzi amfunge kwa kamba ya mita mbili kabla hajafungua. Mgeni asimame. Miguu minne ikiwa chini, kipande kinadondoshwa chini, si cha mkononi juu. Akiruka, mgeni anageuka mgongo na kunyamaza. Mlinzi akiacha kumrusharusha usiku akimchezea, nusu ya kazi imekwisha. Muulize, utakuta anafanya. Kwa kuvuta, nunua hanesi (mikanda ya kuvaa mwilini badala ya kola) yenye pete kifuani, isiyobana kwapa.

---

Mkazi_wa_Goba

Nyama ya kila siku kwa vipande 15 kwa dakika si itanifilisi?

---

Bi_Msimbazi

Kipande ni kama punje ya hindi, si mshikaki. Robo kilo ya ini, chemsha bila chumvi wala kitunguu, kata, anika kwenye oveni au kikaangio kikavu, inakwenda siku kadhaa kwenye jokofu. Dagaa wa Mwanza nao ni wazuri na bei rahisi, ila chambua mchanga na uvunje mara mbili. Wa baharini waliochemshwa na chumvi acha. Ya geti na bakuli weka ini, ya kukaa tu sebuleni tumia dagaa. Zawadi zote zisizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake cha siku, na ugali wa jioni upunguzwe kwa kiasi hicho.